José Rizal: munganga wa macho aliyekataa watu wake waitwe wavivu

Leo hii Wafilipino wanajulikana dunia nzima juu ya kazi. Ni mabaharia katika meli kubwa, wauguzi katika hospitali za Marekani na Uingereza, mafundi na wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Waarabu. Wenyewe wanajivunia jina hilo. Lakini miaka 130 na zaidi iliyopita walikuwa na jina lingine kabisa. Wahispania waliowatawala walisema kwamba Mfilipino ni mvivu, tena mvivu wa kuzaliwa, na kwamba bila fimbo hafanyi kitu.

Mtu aliyesimama kulijibu neno hilo ni José Rizal. Alilijibu mara mbili. Mara ya kwanza alitumia kalamu, akiwa ugenini Ulaya. Mara ya pili alitumia mikono yake mwenyewe, akiwa mfungwa katika mji mdogo wa Dapitan. Alipigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na miaka 35 tu. Mpaka sasa siku hiyo ni siku ya mapumziko katika Ufilipino, na bendera zinashushwa nusu mlingoti.

Mtoto wa wakulima wa miwa

Rizal alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 6 mwaka wa 1861, huko Calamba, kandokando ya ziwa kubwa lililo kusini mwa Manila. Baba yake Francisco Mercado na mama yake Teodora Alonso walizaa watoto 11, naye alikuwa wa 7. Nyumba yao haikuwa ya maskini. Walilima mpunga na miwa, na mama alikuwa na duka. Lakini udongo wenyewe haukuwa wao. Ulikuwa wa mapadri Wahispania wa shirika la Dominiko, na kila mwaka familia ilipashwa kulipa kodi ya shamba. Mapadri wakitaka kupandisha kodi, wanapandisha. Jambo hilo la udongo litarudi tena katika maisha yake.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma. Rizal akiwa na miaka 10 hivi, mama huyo alikamatwa, akasingiziwa kwamba alishirikiana na ndugu yake kutaka kumpa sumu bibi ya huyo ndugu. Akapelekwa kwa miguu mpaka gereza la Santa Cruz, na akafungwa miaka 2 na nusu mbele ya kuachiliwa. Wakati huohuo, mwezi wa 2 mwaka wa 1872, serikali iliwanyonga mapadri 3 wazalendo huko Manila: Gómez, Burgos na Zamora. Kaka yake mkubwa, Paciano, alikuwa karibu sana na padri Burgos. Juu ya hiyo, mdogo wake aliandikishwa masomoni kwa jina la Rizal, si kwa jina la Mercado, ili asitiliwe mashaka.

Kijana alisoma kwa mapadri Wajezuiti wa Ateneo, Manila, kisha akaingia chuo kikuu cha Santo Tomás. Alichagua uganga. Macho ya mama yake yalikuwa yameanza kuingia giza kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, naye akaamua kuwa munganga wa macho.

Safari ya kutafuta ujuzi

Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka wa 1882, Rizal alipanda meli kwenda Ulaya bila kuaga wazazi. Paciano ndiye aliyejua siri, na ndiye aliyekuwa akimtumia franga zilizotoka katika mashamba ya miwa. Huko Madrid alisoma masomo mawili kwa wakati mmoja: uganga, alioupatia shahada mwaka wa 1884, na falsafa na fasihi, alizozimaliza mwaka wa 1885.

Hakuridhika na karatasi. Alikwenda Paris kufanya kazi chini ya Louis de Wecker, mmoja wa waganga wa macho waliojulikana sana wakati ule. Nyuma ya hapo akaenda Heidelberg, Ujerumani, kwa munganga Otto Becker. Alitaka kuona kwa macho yake namna mafundi wakubwa wanavyoshika kisu, ili siku moja akishike juu ya jicho la mama yake.

Usiku alikuwa akiandika. Kitabu chake cha kwanza, Noli Me Tangere, kilitoka Berlin mwaka wa 1887. Kilikuwa hadithi yenye kufunua mateso ya Wafilipino chini ya serikali na mapadri. Wakati huo Rizal alikuwa na njaa, hana hata pesa ya mpiga chapa. Rafiki yake Máximo Viola ndiye aliyemkopesha, na nakala 2 000 zikachapwa.

Mwaka huohuo alirudi Calamba, akafungua nyumba ya matibabu. Watu wakaja kutoka vijiji vya mbali, wakimwita Doktor Uliman, maana yake munganga Mjerumani, sababu walisikia alitoka kule. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kuwakasirisha wakubwa. Mwezi wa 2 mwaka wa 1888 ilimpasa kuondoka tena.

Jibu la kalamu

Huko London, Rizal aliingia katika maktaba ya British Museum na kukaa miezi akinakili kwa mkono kitabu cha zamani cha Antonio de Morga, mtumishi wa serikali ya Uhispania, kilichochapwa mwaka wa 1609. Alikitafuta kwa kusudi. Alitaka kujua Wafilipino walikuwa watu wa namna gani mbele ya utawala wa kigeni kuwakandamiza. Akakichapisha upya huko Paris, pamoja na maelezo yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1890 alihamia Brussels, sababu maisha ya Paris yalikuwa ghali. Kwa msomaji wa Kongo, mji huo na mwaka huo vina uzito wake. Tangu mwaka wa 1885 mfalme wa Wabelgiji, Léopold wa Pili, alikuwa amejitwalia Kongo kama shamba lake binafsi. Mababu wa hapa walibebeshwa mizigo, kisha wakatumwa kutafuta mpira kwa nguvu, na wao pia wakaitwa wavivu. Matusi yaleyale, nchi mbili, mabara mawili.

Kuanzia mwezi wa 7 mwaka wa 1890, gazeti La Solidaridad, lililotolewa na Wafilipino huko Uhispania, lilichapa makala ya Rizal juu ya uvivu wa Wafilipino. Ilitoka katika sehemu 5, mpaka mwezi wa 9. Wengi walitazamia atakataa kabisa kwamba uvivu upo. Hakukataa. Alikubali kwamba upo. Lakini akageuza hoja juu chini: uvivu si mbegu, ni tunda. Si chanzo cha umaskini wa nchi, bali ni matokeo ya namna nchi inavyotawaliwa.

Alianza na joto. Katika nchi za joto, mwili wenyewe unadai mapumziko. Akaonyesha kwamba hata Wahispania waliokaa visiwani, wenye watumishi na magari ya farasi, walifanya kazi kidogo kuliko walipokuwa kwao. Mbona hao hawaitwi wavivu?

Kisha akafungua historia. Mbele ya Wahispania kushika nchi, wakaaji wa visiwa walikuwa wakiuziana bidhaa na Wachina na majirani wengine. Walijenga mashua, walilima, walisuka nguo, walichimba dhahabu. Wazungu wenyewe waliofika kwanza ndio walioandika hayo. Sasa kama Mfilipino ni mvivu wa kuzaliwa, nani alifanya kazi hizo zote?

Ndipo akahesabu sababu moja kwa moja. Vita na safari za kijeshi ziliondoa wanaume vijijini. Watu walitolewa mashambani kwenda kukata miti na kujenga meli za serikali. Kulikuwa na kazi ya lazima: siku 40 kila mwaka kwa mwanaume, mpaka zilipopunguzwa kuwa 15 mwaka wa 1884. Wanyang'anyi wa baharini walishambulia vijiji vya pwani, huku serikali ikiwa imewanyang'anya raia silaha za kujilinda. Biashara na nchi jirani ilifungwa. Mkulima aliyevuna vizuri alivuna kwa ajili ya mtoza kodi. Mtu aliyejitahidi kutajirika alijitafutia maadui. Michezo ya kamari iliachwa ienee, na shule zilimfundisha mtoto kujidharau.

Ukimfanyia mtu hayo yote miaka 300, aliandika Rizal kwa maana hiyo, usishangae akiketi. Atalima namna gani, kama anajua mavuno si yake? Lakini hakuwasamehe ndugu zake pia. Aliwalaumu juu ya kukosa umoja na kukubali haraka kwamba wao ni watu wa chini. Dawa aliyoitaja ilikuwa mbili: elimu na uhuru.

Calamba inabomolewa

Haikupita muda, jambo lililokuwa katika makala likaingia nyumbani kwao. Wakulima wa Calamba walikuwa wamelalamika juu ya kodi ya mashamba, na familia ya Rizal ilikuwa mbele. Mapadri wenye udongo wakashinda kesi. Katika mwaka wa 1890 na 1891 askari walitumwa, familia zikafukuzwa, nyumba zikabomolewa. Paciano alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Mindoro. Watu walioitwa wavivu walinyang'anywa mashamba waliyoyalima miaka mingi.

Rizal alikuwa Ghent, mji mwingine wa Ubelgiji, akichapisha kitabu chake cha pili, El Filibusterismo. Pesa ilimwishia katikati, kazi ikasimama, mpaka rafiki yake Valentín Ventura alipomtumia msaada. Kitabu kilitoka mwezi wa 9 mwaka wa 1891, kikiwa kimetolewa kwa kumbukumbu ya wale mapadri 3 walionyongwa.

Nyuma ya hapo alikwenda Hong Kong, akafungua nyumba ya kutibu macho. Wazazi wake waliofukuzwa wakamfuata huko. Hapo, miaka 10 tangu aondoke nyumbani, alilipasua jicho moja la mama yake. Lile kusudi lililomtoa Manila akiwa kijana likaanza kutimia.

Angeweza kubaki. Wagonjwa walikuwa wengi na jina lilikuwa limekua. Lakini mwezi wa 6 mwaka wa 1892 alirudi Manila. Tarehe 3 mwezi wa 7 aliunda chama cha La Liga Filipina, cha kusaidiana, kukuza elimu, kilimo na biashara. Tarehe 6 alikamatwa. Walisema karatasi za kutukana mapadri zilipatikana katika mizigo ya dada yake. Alikataa, haikusaidia. Tarehe 17 meli ilimshusha Dapitan, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mindanao, mbali kabisa na Manila.

Jibu la mikono

Dapitan ulikuwa mji wa usingizi. Hakukuwa na munganga wa kweli, maji yalikuwa shida, usiku njia zilikuwa giza. Mtu aliyesoma Madrid, Paris na Heidelberg alitupwa hapo ili asahauliwe.

Miezi michache baadaye likatokea jambo la bahati. Rizal, kapiteni Mhispania aliyekuwa akimlinda, pamoja na Mhispania mwingine walikuwa wamenunua tiketi moja ya loto, na tiketi ikashinda pesos 20 000. Fungu la Rizal lilikuwa 6 200. Akampa baba yake 2 000, akalipa deni la rafiki, na sehemu ya pesa iliyobaki akanunua shamba la hektari 16 hivi huko Talisay, kando ya bahari.

Hapo ndipo Dapitan ilipoamka. Alijenga nyumba za mbao, mianzi na majani. Alipanda kahawa, kakao, minazi na abaka, ule mmea unaofanana na mgomba, ambao nyuzi zake hutengeneza kamba za meli. Alifungua shule kwa vijana 3, baadaye wakafika 21. Hawakulipa franga. Walisoma kuandika, hesabu, Kihispania na hata Kiingereza, na badala ya ada walifanya kazi shambani na katika ujenzi. Ilikuwa kama salongo, lakini bila askari wa kusimama nyuma yao, na mwalimu mwenyewe akishika jembe.

Pamoja na vijana hao alileta maji kutoka mtoni mpaka kwa wakaaji, kwa vifaa vichache vilivyopatikana. Alitengeneza mashine ya mbao ya kufyatulia matofali. Pamoja na padri aliyekuwa mwalimu wake wa zamani, alitengeneza mbele ya kanisa ramani kubwa ya kisiwa cha Mindanao, yenye milima na mabonde yake, ili watoto wajue nchi yao. Aliagiza wavu mkubwa ili wavuvi wajifunze kuvua vizuri zaidi. Mwaka wa 1895 aliwakusanya wakulima katika ushirika, ili wauze mazao kwa bei nzuri na wasaidiane katika shida.

Na uganga haukusimama. Maskini aliwatibu bure. Tajiri alilipa vizuri, na malipo yake mara nyingi yaliishia kwa wote. Pesos 500 alizolipwa na Mwingereza mmoja zilitumika kuweka taa za mafuta ya nazi katika njia za mji. Wagonjwa walivuka bahari kumfuata. Mmoja wao, George Taufer, kipofu kutoka Hong Kong, alikuja na binti aliyemlea, Josephine Bracken. Rizal na Josephine wakapendana. Padri alikataa kuwafungisha ndoa, wakaishi pamoja, na mtoto wao wa kiume alifariki wakati wa kuzaliwa.

Mama yake pia alifika Dapitan kupasuliwa jicho lililobaki. Kazi ilikwenda vizuri, lakini mama mwenyewe hakumtii munganga. Aliondoa bandeji mapema, jicho likachafuka. Ikampasa mwanawe aanze kulitunza upya, mpaka akaona.

Hata wanyama wa msituni hawakumpita. Alikusanya wadudu, mijusi na vyura, akavituma katika jumba la makumbusho la Dresden, Ujerumani, naye akatumiwa vitabu na vifaa. Mjusi mmoja mwenye kuruka kama mwenye mabawa alipewa na wataalamu jina la Draco rizali.

Marafiki walimletea mipango ya kumtorosha. Alikataa, sababu alikuwa ametoa ahadi ya kutokimbia. Kazi hizo zote zilifanyika katika miaka 4, na mtu aliyezifanya alikuwa mfungwa.

Asubuhi ya mwisho

Mwezi wa 6 mwaka wa 1896, chama cha siri cha Katipunan kilimtuma munganga Pío Valenzuela kumweleza Rizal juu ya mapinduzi. Ili asishukiwe, alikuja pamoja na kipofu kama mgonjwa wa kutibiwa. Rizal hakukubali. Aliona watu hawako tayari, hawana silaha, na damu nyingi itamwagika bure. Jambo hilo linabishaniwa hata leo katika nchi yake.

Yeye alikuwa amekwisha kuomba aende Cuba, kama munganga wa kujitolea katika hospitali za jeshi, ambako homa ya manjano ilikuwa inaua sana. Serikali ilikubali. Tarehe 31 mwezi wa 7 aliondoka Dapitan. Mwezi uliofuata mapinduzi yakalipuka. Hakufika Cuba. Alikamatwa njiani, akafungwa Barcelona, akarudishwa Manila.

Tarehe 26 Desemba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kama mwanzilishi wa uasi ambao mwenyewe alikuwa ameukataa. Usiku wa mwisho alimpa dada yake taa ndogo ya kupikia. Ndani yake kulikuwa na shairi la kuaga nchi. Asubuhi ya tarehe 30, kwenye uwanja wa Bagumbayan, munganga wa jeshi alimpima mapigo ya moyo, na yalikuwa ya kawaida. Waliofyatua risasi walikuwa askari Wafilipino, na nyuma yao Wahispania walisimama na bunduki tayari.

Mwaka wa 1898 utawala wa Uhispania ukaisha. Wamarekani wakachukua nafasi yao, na uhuru kamili ukafika mwaka wa 1946. Miaka 10 baadaye bunge la Ufilipino lilipitisha sheria kwamba kila shule na chuo kikuu kifundishe maisha na vitabu vya Rizal.

Lakini kwa mtu anayetaka kujua Rizal alikuwa nani, kuna fasi nyingine ya kutazama. Huko Dapitan, mbele ya kanisa, ile ramani ya Mindanao bado ipo. Na pale Talisay, shamba lake linatunzwa kama mahali pa kumbukumbu. Aliandika kwamba mtu hafanyi kazi kwa moyo pale anaponyang'anywa tunda la jasho lake. Kisha akaenda mahali ambako watu waliitwa wavivu, akawapa shule, maji, ushirika na soko, na watu wakafanya kazi.